Bunduki ya kukaa kwenye pikapu: kisa cha shemeji, mbuzi na dola 700

Shemeji alinipigia saa tano usiku nikajua tu kuna kitu, maana yeye saa tatu anakuwa kashalala, alfajiri anaingia kazini. "Shem, wameingia tena." Vitoto viwili vya mbuzi vimeliwa, kimoja kimebaki miguu tu. Anakaa na dada yangu nje kidogo ya Weatherford, Texas, magharibi ya Fort Worth, wana ekari 12, mbuzi kama arobaini hivi ambao kila Krismasi na kila harusi ya Watanzania, Wakenya na Wakongo wa DFW nzima (Dallas na Fort Worth) wanagombaniwa. Koyote wanamsumbua (koyote ni kama mbweha wa kwetu ila ana mwili zaidi na hana aibu), na nguruwe pori ndo balaa lenyewe, wanachimba chini ya fensi, wanageuza malisho kama shamba lililopigwa trekta, na kitoto cha mbuzi kilichozaliwa usiku huohuo wanakila pia, watu wengi hawajui hilo.

Sasa akaniambia anataka bunduki semi otomatiki (inajipakia yenyewe, kila ukivuta trigga inatoka risasi moja), ya bei poa, bajeti dola 700, ya kukaa kwenye pikapu muda wote. Muda wote. Hilo neno ndo nataka tulichambue, kwa sababu yeye alikuwa anafikiria swali ni bunduki gani, na mi nilivyomsikiliza nikaona bunduki ni kama theluthi ya swali, zilizobaki ni pikapu yenyewe na karatasi zake yeye.

Nianze na karatasi maana hapo ndo wengi wetu tunaingia mkenge. Shemeji sio raia, ana grini kadi. Grini kadi inakuruhusu kununua bunduki dukani, sheria ya shirikisho haikukatazi, wanaokatazwa kwa ujumla ni wale wa viza za muda, wanafunzi na wa kutembea na kadhalika, japo nao kuna mlango mdogo wa mwenye leseni ya uwindaji. Kwa hiyo anaruhusiwa, safi. Ila kuna kitu wauzaji hawakwambii kwa sababu hakiwahusu: raia akikamatwa na kosa la bunduki anaenda mahakamani, analipa faini au anakaa ndani, anatoka, maisha yanaendelea. Mwenye grini kadi akitiwa hatiani kwa kosa la bunduki, hata lile ambalo raia angeliona dogo, sheria ya uhamiaji inalitaja kabisa kama sababu ya kurudishwa kwenu. Yani ni kosa lile lile ila mwenzako analipa kwa hela, wewe unalipa kwa maisha yako yote uliyojenga huku. Nikamwambia shem, hilo liwe kichwani kabla hata hatujafungua ukurasa wa bei.

Alichotaka mwanzo ni hiki: bunduki iwe kwenye pikapu siku za shamba, na siku za kazi aihamishie kwenye lori. Anaendesha trela, Oklahoma, Missouri, na mara mbili kwa mwezi anashusha mzigo Chicago. Akasema ana rafiki kamwambia kuna sheria ya shirikisho ya 1986 inayomlinda mtu anayesafiri na bunduki kupita jimbo lolote. Ni kweli ipo, lakini ukiisoma inamlinda anayetoka sehemu anayoruhusiwa kuwa nayo kwenda sehemu nyingine anayoruhusiwa, bunduki ikiwa haina risasi na haifikiki kutoka alipokaa, na kama gari halina buti basi iwe kwenye boksi lenye kufuli, tena dashibodi na ile droo ya katikati hazihesabiki. Sasa Chicago yeye hapiti, Chicago ndo anakoshusha mzigo. Na Illinois Januari 2023 walipiga marufuku bunduki nyingi za semi otomatiki. Yani ile kinga inamwishia palepale anapoihitaji. Bado kampuni nyingi za malori zenyewe zinakataza silaha ndani ya kabini, unafukuzwa kazi hata kama polisi hawana neno na wewe. Na siku nyingine dispacha anakupa mzigo wa Laredo, I-35 inashuka moja kwa moja mpaka mpakani, ukikosea njia ya kutokea daraja linakusubiri. Mwaka 2014 mwanajeshi wa zamani wa Marine aliingia Mexico na bunduki kwenye gari, akasema alikosea njia, akakaa jela ya huko miezi saba. Huyo ana Marekani nzima inampigia kelele. Mi na wewe atatupigia nani.

Lori likatoka kwenye mpango. Akanuna kidogo, akakubali.

Tukabaki na pikapu ndani ya Texas, na hapo sheria ni nyepesi kweli, nyepesi kuliko watu wa nyumbani wanavyoweza kuamini. Bunduki ndefu kwenye gari lako Texas haihitaji kibali, haihitaji kufichwa, haihitaji hata kutolewa risasi. Wazee wa kizungu wa pale wamekuwa wakitundika bunduki kwenye dirisha la nyuma la pikapu tangu enzi za babu zao. Ila nyepesi haimaanishi hamna mitego, na mtego wa shemeji uko wazi kabisa: anawapeleka watoto shule. Sheria ya shirikisho inasema ndani ya futi 1,000 kutoka shule bunduki iwe haina risasi na iwe ndani ya boksi lililofungwa au reki yenye kufuli, au mwenye nayo awe na leseni ya silaha ya jimbo lile. Kila asubuhi yeye anapita hapo. Posta nayo hivyohivyo, hata kwenye paking yake hairuhusiwi, na yeye ana boksi la barua posta. Na mtoto wa mwisho ana miaka sita, wa kwanza kumi na moja, Texas ukiacha bunduki yenye risasi mahali ambapo mtoto chini ya miaka 17 anaweza kuifikia na akaifikia, kosa ni lako. Na tumeshakubaliana kosa kwake yeye linagharimu kiasi gani.

Umeona sasa tulipofika bila kutaja bunduki hata moja? Tumeshajua lazima iwe fupi au iweze kugawanyika iingie kwenye boksi la chuma chini ya siti ya nyuma. Tumeshajua itakaa bila risasi kwenye chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa). Tumeshajua sehemu ya zile dola 700 ni ya boksi. Pikapu imechagua zaidi ya nusu.

Haya tuje kwenye zenyewe.

Ya kwanza aliyoipenda ni Ruger 10/22, kaliba (upana wa risasi) .22, ipo sokoni tangu 1964, nyepesi, kilo mbili na ushee, kama dola 300, risasi zake ni za bei ya karanga. Kuna toleo linalogawanyika katikati kwa sekunde kadhaa. Kama tatizo lake lingekuwa panya, sungura, nyoka kwenye banda la kuku, tungemaliza maongezi pale. Lakini nguruwe dume wa kilo 90 kumpiga na .22 ni kumtesa tu, atakimbia na kidonda akafie kwa jirani au asife kabisa. Nilimkatalia kwa sababu hiyo, mnyama hata kama ni mharibifu si wa kumchezea.

Ya pili ni hizi bunduki fupi wanazoita carbine, za milimita 9, zinatumia risasi ya bastola. Hi-Point ndo ya bei ya chini kuliko zote, dola 300 na kitu, sura yake mbaya mpaka unaicheka ila wanaozitumia wanasema inalia tu, haikwami hovyo. Kel-Tec Sub-2000 hii inakunjika katikati inakuwa kama sentimita 41, inaingia hata kwenye begi la laptopu, ina uzito wa kilo mbili hivi, ukisema bunduki ya gari watu wengi ndo wanaifikiria hiyo. Ruger PC Carbine ina uzito kidogo, kilo tatu, inagawanyika vipande viwili, inapokea magazini za bastola ya Glock, imetulia mkononi kuliko hizo nyingine mbili, lakini bei inagonga 600 na zaidi. Kwa koyote wa mita 40 milimita 9 inafanya kazi. Ukienda mita 80, 100, risasi ya bastola imeshachoka, inashuka, na kwa nguruwe mkubwa inabidi uwe karibu na upige sehemu sahihi kabisa. Shemeji malisho yake ni wazi, anawaona kwa mbali jioni, hawamsubiri asogee. Angekuwa anakaa kwenye kichaka cha mita 30 ningemwambia chukua Sub-2000 ulale usingizi.

Akauliza SKS je, maana hiyo anaijua, nyumbani tumeiona kwenye gwaride na ile singe yake. Nikacheka. Miaka ya tisini huku SKS ya Kichina ilikuwa ndo bunduki ya kutupia nyuma ya pikapu, watu waliinunua chini ya dola 100 ikiwa imepakwa grisi kama samaki wa kukaanga. 1994 Marekani ikafunga mlango wa bunduki za China na sasa hivi SKS ya kawaida unaikuta bei ya AR mpya au zaidi. Risasi yake ya 7.62 ni nzuri kwa nguruwe, sina ubishi. Ila ni ndefu, zaidi ya mita moja, haikunjiki, haiingii kwenye boksi. Pikapu imekataa tena.

Ikabaki AR-15 ya bei ya chini. Najua jina lenyewe linatisha watu, wengine wanadhani AR ni kifupi cha silaha ya mashambulizi kumbe ni ArmaLite, kampuni iliyoibuni. Niliisukuma hii kwa sababu ambazo hazina ushabiki wowote: mtutu wa inchi 16, kaliba ya 5.56, mita 150 bado ina nguvu ya kutosha kwa koyote na kwa nguruwe ukiweka risasi ya ncha laini na kulenga vizuri, vipuri viko kila duka, na kubwa kuliko yote unasukuma pini mbili inagawanyika sehemu mbili, ya juu ina sentimita 65 hivi, inalala kwenye boksi bila shida. Mtutu usishuke chini ya inchi 16 hata kwa bahati mbaya, hapo inakuwa aina nyingine ya silaha inayotakiwa kusajiliwa kwa serikali kuu kwa sheria ya 1934, na ukirudi kule kwenye habari ya grini kadi utaelewa kwa nini nilimkataza kununua za kuunga unga mtaani.

Kuna Smith & Wesson M&P15 Sport, kuna Ruger AR-556, kuna za Palmetto ambazo mara nyingi ndo za bei ya chini. Zote tatu kwa matumizi ya shemeji ni sawa tu, wanaobishana hapo wanabishana kama Simba na Yanga. Akapata AR-556 iliyotumika kidogo kwenye duka la mtaani, dola 480. Niliivua nikaangalia ndani ya mtutu, nikaangalia kichwa cha bolti (kile chuma kinachoingiza risasi kwenye chemba), nikabonyeza trigga bila risasi mara kadhaa, nikajaribu sefti, mtu aliyekuwa nayo alikuwa kaipiga kidogo tu halafu kaisahau kabatini.

Hapa ikatokea ya kuchekesha. Anajaza fomu 4473 (ya serikali kuu, ya anayenunua bunduki dukani), muuza duka anaangalia leseni ya udereva, anwani ni ya apartimenti ya zamani Fort Worth! Alihama mwaka mzima hajabadilisha. Anwani lazima iwe ya unakoishi sasa, hamna mjadala. Bahati nzuri usajili wa pikapu ulikuwa na anwani mpya na ni hati ya serikali, wakaikubali pamoja na leseni. Grini kadi wakachukua namba yake. Kwenye fomu kuna swali la bangi, nalo watu wanateleza, hata ukikaa jimbo ambalo bangi ni halali dukani, kwa serikali kuu bado ni haramu na fomu ni ya serikali kuu. Afu kuna swali kama wewe ndo mnunuzi wa kweli. Nalisema hili kwa sauti: kumnunulia binamu ambaye hajapata karatasi, eti utamkabidhi nyumbani, ni kosa la mpaka miaka 15 jela. Usikubali, hata akulilie.

Jibu la FBI, ambao ndo wanamkagua mnunuzi, likarudi "subiri". Shemeji akawa mweupe, anadhani wamemwona mhalifu. Ni kawaida hiyo, majina yetu yanafanana na ya watu elfu, siku ya pili ya kazi akapigiwa simu aende kuchukua.

Boksi la chuma la chini ya siti, lile la kufunga kwa bolti kwenye sakafu ya gari, dola 170. Kinga za masikio mbili, moja yake na moja ya dada, 25. Risasi za ncha laini boksi mbili, hamsini na kitu. Jumla na kodi ilizidi 700, akalalamika, nikamwambia hilo boksi ndo kitu cha thamani kuliko vyote hapo. Maana bunduki nyingi sana zinazoibiwa huku zinaibiwa kwenye magari, mwizi anavunja kioo dakika moja, na pikapu yenye stika za bunduki nyuma ni kama tangazo la biashara. Alikuwa anataka kubandika stika. Nilimwambia abandike ya Taifa Stars.

Na lile neno lake, muda wote, tukalivunja. Bunduki inalala ndani ya nyumba kwenye kabati la chuma. Inaingia kwenye pikapu akienda malishoni, boksi limefungwa, magazini ina risasi lakini iko pembeni, chemba tupu. Chemba tupu sio uoga. Pini ya kugonga ya AR haishikwi na springi, inaelea, ukipakia risasi inaigusa kidogo na kuacha alama, sasa gari linaruka kwenye mashimo siku nzima na risasi iko chemba, mi sitaki hiyo hesabu. Ukitaka kupiga unatoka kwenye gari, unavaa kinga ya masikio, unavuta bolti, sekunde nne. Kupiga ukiwa ndani ya kabini masikio yako hayatarudi, ile 5.56 ndani ya chuma ni kama bomu. Na kupiga kutoka barabara ya umma ni kosa, na risasi kuvuka mpaka wa ardhi ya jirani ni kosa lingine, ekari 12 ni kubwa kwa macho ila kwa risasi ni uani tu, kwa hiyo tulizunguka naye jioni moja tukachagua sehemu tatu ambazo nyuma yake kuna kilima cha udongo, nje ya hapo hapigi hata nguruwe amkonyeze.

Leseni ya uwindaji kwa nguruwe pori kwenye ardhi binafsi Texas waliifuta 2019, ukiwa na ruhusa ya mwenye ardhi basi, hata usiku. Koyote anayesumbua mifugo mwenye mifugo anaruhusiwa pia bila leseni.

Joto ndo lilinisumbua kuliko nilivyotarajia. Pikapu ikikaa juani Julai ndani inapita nyuzi 50 kirahisi. Alinunua skopu ya doti nyekundu ya dola 60 kwa siri bila kuniuliza, betri ikafa wiki ya tatu na gundi ya lenzi ikaanza kufanya mambo. Tukarudi kwenye saiti za chuma za kulengea, tukalenga yadi 50, ukipatia hapo kwa 5.56 inarudi karibu palepale kwenye yadi 200, inamtosha. Mafuta ya bunduki yanakauka, vumbi la barabara ya changarawe linaingia hata ndani ya boksi, kila Jumapili baada ya kanisa anaifuta. Dada anasema kiatu chake hajawahi kukifuta hivyo.

Akisimamishwa na polisi tulifanya mazoezi, kweli kabisa, mi polisi yeye dereva: mikono kwenye usukani, taa ya ndani washa, akiuliza jibu kwa upole iko wapi na imefungwa, usiinue mkono kuonyesha. Sio sheria kwa bunduki ndefu kutangaza mwenyewe, ila ukiwa mweusi na lafudhi yako barabara ya mashambani usiku, ustaarabu wa ziada haujamuua mtu.

Leseni ya jimbo ya kubeba silaha ameshaiombea, kwa ajili ya ile habari ya shule tu, mwenye grini kadi anaruhusiwa.

Miezi mitano imepita. Amepiga nguruwe watatu na koyote mmoja, risasi saba kwa jumla ukiacha za mazoezi. Wengine wote waliopungua wamepunguzwa na punda. Ndio, punda. Jirani mzungu mzee alimwambia Texas wafugaji wa mbuzi wanachanganya punda jike kwenye kundi, anawachukia koyote kuliko kitu chochote, anawafukuza kwa mateke na kelele. Shemeji akamtafuta, dola 350, na dada kampa jina la mama mkwe wa shangazi, sitalitaja hapa.